Shoga, kuhusu hayo meno ya chini

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu sana, huku wote wazima. Barua yako nimeisoma nikacheka peke yangu, eti kwenye harusi umekula pilau nyama zote umeziacha pembeni ya sahani ukasingizia presha, kumbe ni hiyo seti ya meno ya bandia ya chini inakuogelea mdomoni. Sasa umeniuliza, nikiweka implanti, zile skrubu ndogo zinazopachikwa kwenye mfupa wa taya kushikilia meno ya bandia, ntatafuna? Utatafuna, tena vizuri, ila sio kama enzi zile, maana wanaouza hii kitu wanaongea utadhani unarudishiwa mdomo wa usichana.

Kwanza seti ya juu iache ilivyo. Ile ina kaakaa zima la kushikia, ikipata mate inanyonya inatulia. Balaa ni ya chini, imekalia kijiukingo chembamba cha ufizi, ulimi unaisukuma huku shavu linaisukuma kule, alafu mfupa wa taya meno yakishang'olewa unaendelea kuisha mwaka hadi mwaka na wa chini unaisha haraka kuliko wa juu, ndo maana seti ilikukaa vizuri ilipokuwa mpya na leo inaelea. Mie niliwekewa implanti mbili tu za titaniamu, huku mbele kwenye usawa wa meno ya chonge, zikaachwa miezi kadhaa zishikane na mfupa ndo seti ikawekewa vishikizo kwa chini, ukiivaa unabonyeza inasema ta! kama kifungo cha kubana cha gauni. Na mtu akikwambia kwa seti ya kuvua na kuvaa ya chini lazima nne au sita muulize kwa nini, maana tangu 2002 wataalamu walikutana chuo kikuu cha McGill kule Montreal wakakubaliana kwamba kwa mtu asiye na jino hata moja chini, mbili ndo ziwe chaguo la kwanza. Mfuko wako utashukuru, bei yenyewe si mchezo.

Kuhusu kudumu, mgonjwa wa kwanza wa daktari Brånemark, yule Mswidi aliyegundua mfupa unashikana na titaniamu, aliwekewa zake 1965 na alikufa 2006 bado anazo mdomoni. Kinachochakaa ni vile vipete vya plastiki ndani ya vishikizo, vikilegea unaenda wanakubadilishia, basi.

Haya, kutafuna sasa. Mtu mwenye seti za kawaida juu na chini nguvu yake ya kuuma ni kama robo hivi ya mwenye meno yake, ndo maana tunameza mapande mapande alafu tunalaumu tumbo. Ukifunga ya chini ile nguvu inaweza kupanda hata mara mbili, na chakula kinasagika kwa kutafuna mara chache kuliko mwanzo, ila piga hesabu mwenyewe, bado hujamfikia mwenye meno yake. Karanga nakula. Muhogo wa kuchoma nakula, pweza akiiva vizuri nakula. Mhindi wa kuchoma napukuchua kwanza, maana kwa implanti mbili ukiuma kwa mbele seti inanyanyuka nyuma. Miwa shoga sahau. Na tafuna pande zote mbili, usijazie upande mmoja.

Kingine, jino la asili lina kama kigodoro kati yake na mfupa, ndo kinachokufanya ushtuke ukikuta punje ya mchanga kwenye wali. Implanti haina hicho, imeng'ang'ania mfupa moja kwa moja, kwahiyo unauma lakini hujui vizuri unauma kwa nguvu gani, mwanzoni nenda taratibu.

Ila linaloniudhi mie ni hili, watu wanawekewa, nguvu wanayo, na bado wanakula uji na ndizi za kupondaponda kama jana. Wataalamu wenyewe wameliona, meno yakibadilika sahani haibadiliki yenyewe mpaka mtu aambiwe na asimamiwe. Mwili unazoea uvivu. Kwahiyo wewe ukishapona usiendelee kusagiwa nyama na mkwe wako, omba karoti, omba kachumbari, embe bichi likatwe vipande vidogo, rudi kwenye vyakula kimoja kimoja.

Kabla hujalipa hata senti jipime nyumbani, mahospitalini huko Ulaya nako wanatumia kipimo cha namna hii. Chukua bigijii mbili za rangi tofauti, moja nyekundu moja nyeupe, zilaze pamoja utafune mara 20 tu alafu utoe uibonyeze iwe bapa. Rangi zikichanganyika zote unasaga vizuri, zikitoka michirizi michirizi kila moja kivyake basi husagi, unabonyeza tu. Piga picha uitunze, ukishafunga rudia uone, usitegemee maneno ya mtu.

Na sukari yako ikoje siku hizi? Isipokuwa sawa kidonda hakiponi vizuri na implanti inaweza isishike, kwahiyo daktari wa meno mwambie ukweli wote hata asipouliza, na baba Zuhura asikuvutie sigara hapo ndani. Ukienda kupiga eksirei waombe wakuoneshe mfupa umebaki kiasi gani kwa mbele, ukijua hilo nipigie tuongee, wikiendi nipo.

Wako,
Mama Rehema