Barua kwa mwanangu: kuhusu vile "vikao vya posho"

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniandikia kwamba mikutano ya amani ya kanda ni vikao vya posho tu. Posho zipo, sibishi. Lakini hebu itazame ile ya Arusha, ya kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe Burundi.

Julai 1996 Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa mapinduzi. Wiki haikuisha, wakuu wa nchi jirani wakakutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo. Mafuta yakawa ya magendo, kahawa ikakwama, walanguzi wakaneemeka na mkulima akaumia. Vilisitishwa Januari 1999. Mimi naona viliwaadhibu wasiohusika, ingawa sikatai kwamba vilimsukuma Buyoya mezani.

Mazungumzo yenyewe yalianza Juni 1998 chini ya Mwalimu Nyerere. Alifariki Oktoba 1999 kazi haijaisha, Nelson Mandela akaipokea, na mkataba ukasainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Vita vikaisha? Wapi! CNDD-FDD na FNL, vikundi vya waasi wa Kihutu wenye bunduki msituni, hawakusaini. Wa kwanza walikubali kuweka silaha chini 2003, wa pili wakasaini Dar es Salaam 2006. Katikati hapo Umoja wa Afrika ukapeleka kikosi chake cha kwanza cha kulinda amani, askari wa Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji.

Ukitaka kujua Arusha ilizaa nini, soma kipengele cha jeshi katika mkataba huo: kabila moja lisizidi nusu yake. Burundi ilikuwa na jeshi lililoshikwa na Watutsi, na Wahutu walio wengi waliliogopa kuliko kitu chochote. Bila kuligusa hilo, saini zote zingekuwa wino tu. Basi waliokuwa wakiwindana porini wakavaa sare moja, wakala bwalo moja. Jambo hilo lilichukua miaka, na kila mwaka ulihitaji kikao kingine. Ndiyo, na posho nyingine.

Sasa nikupe silaha ya kunipinga. Mwaka 2015 Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi aling'ang'ania muhula wa tatu, watu wakauawa, maelfu wakakimbilia kwetu. Desemba, Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika liliidhinisha askari 5,000. Serikali ya Burundi ikakataa, na Januari 2016 marais wa Umoja huo wakaghairi. Hapo ndipo ungewabana, mwanangu, siyo kwenye posho.

Nijibu ukipata nafasi.

Baba yako