Barua kwa Mwanangu Aliyeko Preston

Mwanangu mpendwa,

Natumai barua hii itakufikia ukiwa mzima. Sisi hapa Makueni hatujambo. Mvua za vuli zimenyesha kwa kiasi, kunde na mbaazi zimeota vizuri, na nyanya yako bado anatembea mwenyewe hadi kanisani kwake Africa Inland Church (A.I.C.) kila Jumapili. Nimeamua kukuandikia huko Uingereza, unakolitumikia kama mmisionari Kanisa letu la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni), kwa sababu haya ninayotaka kukuambia hayasemeki vizuri kwenye simu ya Jumatatu, ambapo wadogo zako wanang'ang'ania kukuona uso na mama yako anatumia nusu ya muda kukuuliza umekula nini.

Mama yako ameona kwamba umekonda. Mimi nimeona jambo jingine, kwamba kila siku yako ya maandalizi, ile Jumatatu ya kupumzika na kutupigia simu, ikifika habari zako zote huwa ni njema. Kijana anayeamka saa kumi na mbili na nusu, akasoma maandiko peke yake na kisha pamoja na mmisionari mwenzake, akatoka kubisha milango na kusimamisha watu barabarani mpaka saa tatu usiku, katika mji ambao jua lake la Disemba huzama kabla ya saa kumi alasiri, hawezi kuwa na habari njema tupu wiki baada ya wiki. Kabla ya Februari 2019 wazazi wa wamisionari walisikia sauti za watoto wao siku ya Krismasi na Siku ya Akina Mama tu. Sisi tumepewa nafasi ya kukuona kila wiki, na itakuwa hasara kubwa kama tutaitumia kusikia taarifa iliyopambwa.

Nikuulize basi kuhusu milango. Wewe umekulia mahali ambapo mgeni akipiga hodi anaitikiwa karibu kabla hata hajajulikana ni nani, kisha anatafutiwa kiti, na hata aliyekuja kudai deni hupewa kwanza maji ya kunywa. Huko unapiga kengele, unaona pazia likisogea, na mlango haufunguki. Naelewa jinsi jambo hilo linavyoweza kumchoma kijana wa Kikamba, lakini nakuomba usilichukue kuwa dharau dhidi yako. Mwenye nyumba hiyo hakutarajia mgeni, na kwao mgeni asiye na miadi ni jambo la kutia wasiwasi, awe mweusi au mweupe. Zaidi ya hayo, kumbuka uko mji gani. Julai 1837 Heber Kimball na wenzake, wamisionari wa Kanisa letu, walipofika Preston kutoka Marekani, mchungaji James Fielding aliwafungulia kanisa lake la Vauxhall ili wahubiri, kwa sababu ndugu yake aliyekuwa Kanada alikuwa amemwandikia kuwahusu. Waumini wake walipoanza kutaka kubatizwa, mchungaji huyo huyo aliwafungia mlango. Walihamia katika nyumba za watu, na tarehe 30 Julai watu tisa wakabatizwa katika mto Ribble, mto ule ule unaouvuka ukienda mikutanoni. Simlaumu Fielding hata kidogo; alikuwa akilinda kundi lake, na wewe utakutana na wengi wenye sababu nzuri kama zake.

Wakikukaribisha chai, kataa chai lakini usikatae ukarimu. Neno la Hekima, sheria yetu ya afya inayotukataza chai, unalijua tangu utoto, na hapa nyumbani umeona jinsi mama yako anavyoomba uji au maji ya moto bila kumfanya mwenyeji ajione amekosea. Omba hivyo hivyo, uketi, umsikilize mtu huyo habari za maisha yake hata kama hataki kamwe kusikia somo lako. Yule mama wa Bukavu, Kongo, uliyekutana naye Bolton, aliyelia aliposikia Kiswahili chako, hakuhitaji siku ile kubatizwa. Alihitaji mtu wa kuzungumza naye kwa lugha yake, nawe ulikuwapo. Katika yote uliyotueleza tangu uondoke, hilo ndilo lililonifurahisha zaidi, ingawa ulilitaja kwa haraka kana kwamba halikuwa kazi.

Watakuuliza pia, na pengine wameshakuuliza, inakuwaje kijana wa Kiafrika analihubiri kanisa ambalo hadi Juni 1978 liliwanyima wanaume weusi ukuhani. Usikasirike, wala usitunge maelezo. Zile nadharia za zamani zilizodai kwamba weusi ni laana, Kanisa lenyewe lilizikana waziwazi kwa maandishi mwaka 2013, kwa hiyo asikudanganye mtu kuzitetea. Sema ukweli kwamba jambo hilo lilikuwapo, kwamba liliwaumiza watu, na kwamba baba yako analijua na bado ameshika ukuhani huo kwa imani. Mtu mwenye swali la kweli anastahili jibu la kweli.

Kuhusu mmisionari mwenzako anayetoka Idaho, Marekani, nimeelewa kwamba mnapikiana na mnaheshimiana, ila jioni hafungui mdomo. Ni vigumu kukaa na mtu usiyemchagua, mkatembea pamoja, mkala pamoja, msiachane hata dukani, na bado ukajiona mpweke. Kila baada ya wiki sita huenda uhamisho ukaja, lakini usiishi kwa kuhesabu wiki. Mwulize kuhusu mashamba ya kwao. Inawezekana naye anasikia baridi ile ile unayoisikia wewe.

Nyanya yako ananiuliza kwa nini Mwafrika aende kuwahubiria Waingereza walioleta Biblia. Nilimkumbusha habari za Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kiingereza, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na katika miezi michache akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka 1849 alifika hapa kwetu Ukambani. Pamoja na mateso yote hayo, waliobatizwa mikononi mwake walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na bado nyanya yako mwenyewe anamtaja kwa heshima. Alicheka, akasema basi na wewe anakuombea. Nakuandikia hili kwa sababu nimesikia sauti yako inavyopungua unapofika kwenye idadi ya ubatizo. Sisi hatujawahi kukuuliza idadi hiyo, na hatutakuuliza.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Unaijua hadithi inayosimuliwa ya Septemba 1839, jinsi Brigham Young na Heber Kimball, mitume wa Kanisa letu, walivyoondoka kwenda Uingereza wakitetemeka kwa homa, huku wake zao wakiwa wagonjwa nyumbani. Naiheshimu, lakini sitaki uifanye kipimo chako. Kama hulali usiku, kama chakula hakipiti, kama asubuhi unaamka ukiwa na uzito ambao sala haziuondoi, huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na una waganga wake. Rais wako wa misheni, kiongozi wenu huko, anaweza kukukutanisha na wataalamu wa afya ya akili wanaohudumia wamisionari. Mwambie wiki hii, usisubiri mahojiano yajayo.

Na ikibidi urudi kabla ya miaka miwili kutimia, utarudi nyumbani kwako. Najua minong'ono inayoweza kutokea katika kata yetu ya Kanisa, nami nitaikabili mimi. Mbuzi tuliouza kwa ajili ya safari yako hawakuwa mkopo. Nafasi yako ya chuo tuliiahirisha, hatukuipoteza, na Kanisa lina misheni za huduma ambazo mtu hufanya akiwa kwao. Ukiwa na nguvu za kuendelea, endelea, nasi tutafurahi. Ninachokuomba ni kwamba uamuzi wowote uutoe ukiwa umesema ukweli kwanza.

Jumatatu nitawaomba wadogo zako watupishe dakika kumi mwanzoni. Mama yako atakuwapo. Nunua pia soksi nzito za sufu kwa fedha niliyotuma, usiigawe yote.

Ni mimi baba yako nikupendaye.