Bendera na pilau za Juni 9

Ndugu Mhariri,

Siku ya Mashujaa ya Uganda, Juni 9, inamkumbusha kila mtu Edidian Luttamaguzi, aliyeuawa mwaka 1981 kwa kukataa kuwafichua wapiganaji wa Museveni. Mitaa mingi huandaa sherehe yake yenyewe, nasi tunapenda iendelee hivyo. Ila bendera ikipandishwa kichwa chini inaumiza moyo. Mistari ni sita: nyeusi, njano, nyekundu, kisha vivyo hivyo tena. Kwa kuwa rangi zinajirudia, anayefunga kamba alfajiri hukosea kwa urahisi. Nyeusi ndiyo ya juu, na korongo aliye katikati ya bendera atazame mlingoti. Fungeni uzi mweupe kwenye kona ya juu tangu jana yake, mchana.

Kwenye chakula, pilau ndiyo huharibika zaidi. Watu 200 wanahitaji mchele kilo 20 hadi 25, na nyama kilo 20. Mpishi akizidisha tu kipimo cha nyumbani, vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele, atapata bokoboko, maana sufuria kubwa iliyofunikwa hupoteza mvuke kidogo kwa kadiri yake. Kikombe kimoja na nusu kinatosha. Pikeni katika sufuria mbili au tatu. Katika moja, wali wa chini huungua na wa juu ukabaki mbichi.

Hotuba nazo zipangiwe muda. Chakula kilichoepuliwa kisikae zaidi ya saa mbili kabla ya kuliwa, hasa nyama, na watoto wapakuliwe kwanza.

Wanakamati wa sherehe za mtaa,
Jinja