Goti la Baraka si la kuchuliwa

Saint Paul, Minnesota
10 Januari 2024

Kaka,

Shikamoo. Kamwene kwa wote hapo nyumbani. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, na natumaini Mama kifua kimeachia. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu tunaishia kukatishana: wewe unapandisha sauti, mimi nalia, salio linakwisha, na jambo linabaki palepale.

Ujumbe wako wa Jumamosi nimeupata. Unaomba laki nne za kumalizia bati za banda la uani, na chini kabisa umeongeza kwamba mtoto wetu Baraka "bado anachechemea kidogo". Kaka, hizo bati zilianza na hela ya nani? Mwezi wa kumi nilituma laki saba. Nilitaja matumizi moja moja, na Mama alikuwa anasikia kwenye spika: nauli ya Dodoma ya watu wawili, kipimo cha MRI, kile cha picha ya ndani ya goti, malazi ya siku mbili, na chenji wifi anunue sukari na mafuta. Hela hiyo haikuvuka hata Mtera, njiani kwenda Dodoma. Baba mdogo akasema mtoto achuliwe kwa maji ya moto na chumvi, goti litarudi lenyewe, bati ndizo zinapanda bei. Na wewe ukakubali. Hilo ndilo limenikaa rohoni tangu siku ile, na leo nalitoa.

Siku ya pili ya Krismasi ikaja ile video kwenye grupu la familia. Baraka anacheza ndondo, mpira wa mtaani, pale Kihesa, watu wamejaa mpaka kwenye mstari. Sekunde ya kumi na tisa anaruka kupiga kichwa, anatua na mguu wa kushoto, na goti linaingia ndani kama mlango uliolegea bawaba. Halafu anainuka, anacheka, anaendelea. Watu kwenye grupu wakamwekea vikofi. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka zamu, nikakaa kitandani na viatu vya kazi miguuni, nikairudia mpaka chaji ikaisha. Maana siku mbili tu kabla ya hapo nilikuwa nimeona goti likienda vilevile kwa macho yangu, uwanjani, mbele ya watu zaidi ya elfu sitini.

Ngoja nikueleze, najua mnasema huko kwamba nimeingia uzungu kwa kushabikia mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi. Bibi ninayemhudumia usiku ni shabiki wa Minnesota Vikings tangu timu ianze kucheza mwaka 1961. Yeye ndiye aliyenifundisha, juu ya sinia ya chakula. Kikombe cha dawa ni mrushaji, ndiye timu nzima inamtegemea. Vijiko vitano mbele yake ni wale majitu wa kumkinga. Uma pembeni ni mdakaji, anakimbia mbele kusubiri pasi. Mna majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Mkisogea mnapewa mengine manne, mkishindwa mpira unakwenda kwa wenzenu. Usiku mmoja nikawa nimeelewa. Huyu bibi ameiona timu yake ikifika fainali kubwa, ile Super Bowl, mara nne: 1970, 1974, 1975 na 1977. Zote nne wakafungwa. Ukizitaja anageukia ukutani. Baba angempenda sana, Baba ambaye Simba ikifungwa alikuwa anazima redio na kulala bila kula.

Msimu wa 2022 ulikuwa raha tupu. Walishinda mechi 13 wakapoteza nne. Tarehe 17 Desemba mwaka huo walikuwa nyuma 33 kwa 0 dhidi ya Indianapolis, wakarudi, wakashinda 39 kwa 36 kwenye muda wa nyongeza. Katika ligi yao hakuna timu iliyowahi kutoka nyuma umbali huo. Kwa hiyo huu ulioisha Jumapili kila mtu aliusubiri kwa hamu, na mimi nikanunua kofia ya zambarau.

Wakaanza kwa kufungwa mechi tatu mfululizo. Hiyo tungevumilia. Tarehe 8 Oktoba, wanacheza na Kansas City, Justin Jefferson akateleza na msuli wa nyuma ya paja ukavutika. Jefferson ndiye mdakaji wao bora, na wengi huku wanasema ndiye bora wa ligi nzima. Tarehe 29 Oktoba wakaenda Green Bay, kwa mahasimu wao, wakawa wanaongoza vizuri. Robo ya mwisho mrushaji wao, Kirk Cousins, miaka 35, akarudi nyuma kutafuta wa kumpasia, mguu wa kulia ukakataa. Akaanza kurukaruka kwa mguu mmoja. Tangu awe mrushaji namba moja hakuwahi kukosa mechi kwa sababu ya jeraha. Kano ya kisigino ilikuwa imekatika. Mechi walishinda 24 kwa 10, lakini chumbani kwa bibi hakuna aliyepiga makofi. Alinishika mkono tu.

Wiki iliyofuata wakampa mpira kijana mgeni, Jaren Hall. Hakumaliza hata nusu ya kwanza, aligongwa kichwa. Akaingia Joshua Dobbs, kaka, mtu aliyekuwa amenunuliwa kutoka Arizona Jumanne, na mechi ilikuwa Jumapili! Amesomea uhandisi wa vyombo vya anga. Kocha alikuwa anamwelekeza kupitia redio iliyo ndani ya helmeti. Na wakashinda Atlanta 31 kwa 28, pasi ya mwisho zikiwa zimebaki sekunde 22. Mimi na bibi tulipiga kelele mpaka muuguzi wa zamu akaja na kifaa cha presha. Lakini mechi hiyohiyo mkimbiaji wao, yule wa kukimbia na mpira, Cam Akers, naye kano ya kisigino ikakatika. Ndivyo ulivyokuwa mwaka mzima: ukifurahi kidogo, machela inaingia.

Sasa hapa ndipo nataka Baba mdogo asomewe polepole. Jefferson alirudi mazoezini mwezi wa kumi na moja. Anakimbia, anadaka, kila mtu anamtaka uwanjani. Timu ikafungwa na Denver 21 kwa 20, kwa pointi moja. Ikafungwa na Chicago 12 kwa 10, pale nyumbani, Dobbs akipoteza pasi nne mikononi mwa wapinzani. Bado hawakumwingiza. Mechi saba alikaa nje. Walisubiri hadi mapumziko ya timu yapite, ndipo akarudi tarehe 10 Desemba kule Las Vegas. Siku hiyohiyo akagongwa kifuani akapelekwa hospitali, lakini paja lilikuwa limepona, na wiki iliyofuata akacheza. Amemaliza msimu na yadi 1,074 kwa mechi kumi tu. Timu iliyokuwa inahitaji kila pointi ilikubali kufungwa kuliko kumtonesha. Hiyo si kudekeza mtu.

Tarehe 24 Desemba binti yake yule bibi akanipa tiketi, zawadi ya Krismasi. Kaka, nimeingia U.S. Bank Stadium. Upande mmoja wa paa unapitisha mwanga kama kioo, nje kuna baridi na ndani unavua koti. Kabla ya mechi linapulizwa pembe kubwa, sauti inakuingia mpaka tumboni, halafu watu wote wanainua mikono na kupiga kofi moja kwa pamoja, wakitamka "Skol". Nami niliinua. Nilitamani Mama anione.

Walikuwa wanacheza na Detroit. Mdakaji mmoja, T.J. Hockenson, akaunyoosha mwili kuufuata mpira, na mlinzi wa Detroit akamwingia chini, kwenye goti. Nilikuwa upande huohuo. Mguu ulikuwa umekanyaga chini na mwili ukaenda kwingine. Nilijua kabla ya daktari wao kufika. Haikupita wiki, vipimo vimetoka: kano mbili za goti zimekatika, ile ya katikati na ile ya upande wa ndani. Walifungwa 30 kwa 24, na Detroit wakatwaa ubingwa wa kundi lao kwa mara ya kwanza baada ya miaka 30. Wenyeji walitoka kimya kama wanatoka mazishini.

Mechi zote nne za mwisho wamefungwa. Wametumia warushaji wanne. Kushinda saba, kufungwa kumi, na hawaendi kwenye mechi za mchujo za kuelekea Super Bowl. Jumapili bibi aliniambia nizime televisheni kabla haijaisha, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Sasa rudi kwa Baraka. Usiniambie hao wana mamilioni. Goti la Baraka lina kano zilezile nne. Mtu ambaye goti linamtoroka akitua, miezi mitatu baada ya kuumia, huyo hana uvimbe wa kuchuliwa. Ukilichua unamtuliza maumivu, anadhani amepona, anarudi uwanjani, na kila linapoteleza linasaga kitu kingine ndani. Ana miaka kumi na saba. Akifika ishirini na tano atashindwa hata kupanda ile ngazi ya kanisani.

Na sisemi haya kama shangazi tu. Hili nilitaka kuwapa kwa furaha, basi limekuja hivi: mwezi wa kumi na moja nimefaulu mtihani wa leseni ya uuguzi. Mara ya kwanza, sikurudia. Mimi si msaidizi tena. Nagawa dawa, natunza vidonda, naandika kwenye faili na jina langu linasimama hapo. Baba mdogo aliyesema nimevuka bahari kuja kuosha wazee, mpelekeeni na hiyo habari. Zamu zimekuwa ndefu zaidi, lakini tuyaache hayo.

Kuna jambo moja linaniuma na ni langu. Baraka alipoumia mwezi wa tisa alinipigia mara tatu, na sikupokea. Nilikuwa na vitabu, nikasema nitampigia kesho. Nilimpigia baada ya wiki tatu. Kama ningepokea siku ile ningemwambia asikanyage, na pengine asingekusikiliza wewe wala Baba mdogo. Nimelibeba hilo kila nikitazama hiyo video.

Krismasi huku safari hii haikuwa na theluji, imewashangaza hata wenyeji. Ilinyesha mvua. Nilisimama kituo cha basi nikafumba macho nikingoja harufu ya udongo inyanyuke kama kule Mwangata mvua ya kwanza inapopiga, lakini ni lami tupu, haina harufu. Sasa hivi huko mianzi inagemwa ulanzi. Mwambie wifi namkumbuka na yale makande yake ya maharage mapya. Huku napika, nakosea kitu, sijui ni maji.

Basi tufanye hivi, kaka, na nakuomba usibishane. Ijumaa tunalipwa. Nitatuma kwenye namba ya wifi, si kwenye yako, usichukie. Ni za Dodoma tu. Baraka aende na Mama mkubwa, maana Mama kifua hakimruhusu safari. Mpaka siku hiyo hakuna ndondo, hakuna mazoezi, hakuna mtu wa kuligusa goti kwa maji ya moto. Majibu yakitoka wifi ayapige picha pande zote mbili anitumie. Wakisema apasuliwe, nimeshaanza kuweka kidogo kidogo tangu Krismasi, na nyote mtachangia, Baba mdogo akiwemo. Bati nitazishika mwezi wa nne. Sijazikataa, banda ni la kwetu sote.

Kuna wageni wa usharika wa hapa watakuja Iringa, wale wa Bega kwa Bega, ushirika wa makanisa ya huku na ya Iringa. Nimewapa mfuko. Miwani ni ya Mama, dawa za kuchua za mkono wake zimo pia. Jezi ya zambarau namba 18, ya Jefferson, ni ya Baraka. Nimechukua saizi kubwa kwa sababu kwenye video nimeona amerefuka.

Mwambie anipigie Jumapili, saa mbili usiku ya huko. Kwangu itakuwa saa tano asubuhi, nimeshatoka zamu. Nitapokea.

Dada yako