Kabla hujamkubali Mreno

Magomeni, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya Isha

Swahiba wangu,

Salaam nyingi. Barua yako aliniletea mdogo wako Alhamisi, pamoja na ile flashi, na tangu hapo sijatulia. Mama hajambo. Nilipita kumsalimia Ijumaa, goti limepunguza kuuma na ameanza tena kwenda sokoni mwenyewe. Analalamika kwamba tangu uhamie Tanga hata simu ya jioni hupigi. Mpigie, tafadhali.

Sasa tuje kwenye Kilwa yako, ile unayoitawala kwenye gemu ya kompyuta. Faili ulilosevu nimelifungua na nimekaa nalo siku tatu bila kusogeza kalenda hata siku moja, natazama tu. Mwaka 1468, hazina inaridhisha, deni huna, Mombasa ameshakutangaza kuwa hasimu wake, na mezani una maombi mawili ya urafiki: Malindi na Ajuuraan, ile dola ya Wasomali. Unaniuliza umshike yupi. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo, ukaandika kwamba hao wote ni wa kupitishia muda, maana mpango wako ni kumngoja Mreno afike pwani, ufunge naye mkataba, ulale usingizi. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwenye simu ungenikatiza.

Mpango huo mimi nimeshaupitia. Kampeni yangu ya mwaka jana, ile niliyokuambia kwa kifupi kwamba imeharibika, iliharibikia hapohapo. Nilimkubali Mreno mwaka 1512 wa gemu. Nilipotazama ukurasa wake nikaona manowari zaidi ya thelathini na silaha zilizonipita hatua tatu, nikajiambia nimepata ukuta. Kweli, miaka arobaini hakuna aliyenigusa. Nikapunguza jeshi, pesa zote nikazitia kwenye biashara na majengo. Manowari sikuunda hata moja, kwa sababu za rafiki yangu zilikuwa zinapita mlangoni kwangu kila mwezi.

Usiku mmoja umeme umekatika, laptopu imebaki na chaji asilimia 11, nacheza kwa mwanga wa kioo chenyewe. Taarifa ikajitokeza: Ureno amevunja mkataba. Hakuna vita aliyoniita nikakataa, hakuna nililomkosea. Nikafungua ukurasa wake wa diplomasia, nikawa nashuka mstari mmoja mmoja. Imani ipo juu. Vita tulivyopigana pamoja vimehesabiwa vyote. Chini kabisa, kwa rangi nyekundu: anatamani majimbo yetu. Alikuwa ameshaichukua Sofala, ana kituo kule Komoro, na mimi nimekaa katikati ya njia yake. Mstari ule haukuandikwa usiku huo. Nilirudi kwenye faili za nyuma nikaukuta upo miaka kumi kabla, na siku zote hizo mimi nilikuwa nasoma idadi ya manowari tu. Miaka sita baadaye meli ishirini na mbili zilisimama mbele ya Kilwa. Zangu zilikuwa tisa, nne kati yake za kubebea askari. Jeshi langu lote lilikuwa Unguja, likabaki kutazama bahari.

Ndiyo maana siku hizi, mtu akinitaka urafiki, mstari huo ndio wa kwanza kuusoma. Idadi ya askari wake naiacha hadi mwisho. Mwenye jeshi dogo asiyetamani cha kwako atakufaa kuliko mwenye jeshi kubwa anayepima ufukwe wako kwa macho.

Umeniandikia kwamba katika historia yenyewe Malindi alimshika Mreno na akafaidi. Nimelifikiria sana hilo, na sitaki kumdharau Malindi. Aprili 1498 Vasco da Gama alitoka Mombasa kwa kutoelewana, siku chache baadaye akapokewa vizuri Malindi, akapewa nahodha wa kumvusha hadi Calicut, India. Malindi alikuwa mdogo, Mombasa alikuwa mkubwa na jirani, na mgeni alikuja na mizinga. Ungekuwa wewe kwenye kiti cha yule mfalme ungefanya nini? Mimi nadhani ningefanya vilevile. Na aliona matunda: 1505 Mombasa alichomwa moto, Malindi hakuguswa. Zama hizo Wareno walipoanza kujenga ngome ya Fort Jesus, mwaka 1593, mtawala wa Malindi akahamia Mombasa kukalia kiti cha hasimu wake wa siku zote. Kwa gemu yetu hapo ungesema ameshinda.

Lakini endelea kusogeza kalenda. Malindi yenyewe, mji, ukadhoofika. Mwaka 1614 mfalme Hasan, wa ukoo uleule, aliuawa kwa njama za Wareno baada ya kugombana na kapteni wao. Mwanawe Yusuf akapelekwa Goa, makao ya Wareno kule India, akiwa mtoto, akabatizwa, akalelewa kikwao, kisha akarudishwa kutawala. Mwaka 1631 huyo Yusuf ndiye aliyemuua kapteni wa Fort Jesus na kuiteka ngome. Miaka 133 tangu babu zake wampokee mgeni ufukweni. Kila ninaposoma habari za Yusuf nasimama. Mtu aliyezaliwa ndani ya urafiki, akalelewa nao, ndiye aliyeona kwamba hakuna urafiki.

Na Mombasa naye? Alikwenda kuomba msaada Oman. Waomani wakaizingira Fort Jesus tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, Mreno akatolewa, na aliyekuja kusaidia akabaki kutawala. Kwa hiyo usinijibu kwamba utamwepuka Mreno kwa kumtafuta mkubwa mwingine mwenye meli. Shida ni ileile, bendera tu ndiyo imebadilika.

Kilwa yetu ndiyo inayoniuma zaidi. Mwaka juzi, nadhani nilikuambia, nilipanda basi Mbagala Rangi Tatu, nikashuka Nangurukuru, nikaingia Kilwa Masoko, kesho yake nikavuka kwa mashua hadi Kisiwani. Kitu cha kwanza unachokiona ukikaribia ni Gereza, limesimama majini kabisa. Jengo kubwa la sasa ni la enzi za Waomani, lakini ndani yake kuna mabaki ya ngome aliyoijenga Mreno 1505. Niliweka kiganja kwenye ukuta, mawe ya matumbawe yenye chumvi, yanakukwaruza. Upande wa bahari mawimbi yamekula kona yake. Nahodha aliyenivusha alikaa kivulini akitengeneza wavu, hakuniharakisha.

Pale nilikumbuka kwamba Kilwa haikuanguka kwa mizinga peke yake. Mwaka 1502 da Gama alimlazimisha Amir Ibrahim kulipa ushuru. Almeida, mkuu wa msafara mwingine wa Wareno, alipokuja Julai 1505, huyo Ibrahim alikuwa mtu ambaye wengi mjini hawakumtambua kama mfalme halali. Akafukuzwa, na Mreno akapata mwenyeji wa kumtawaza, Muhammad Ankoni, papo hapo. Mgeni hakuhitaji kutafuta mshirika, alimkuta ndani. Na mwaka 1512 wakaiacha ngome, wakaondoka. Biashara ya dhahabu ya Sofala walikuwa wameshaishika wao. Katika gemu hilo utaliona kama utulivu wa ndani ukishuka na watu wanaodai kiti wakijitokeza. Usiliache lishuke eti kwa sababu nje una marafiki.

Basi jibu langu: mshike Malindi, sasa hivi, mkatae Ajuuraan.

Najua utashtuka. Ajuuraan ana askari mara nne ya Malindi, nimewahesabu. Lakini nimefungua ukurasa wake, nenda ukautazame na wewe: anatamani Malindi. Ukiwashika wote wawili, siku Ajuuraan akimvamia Malindi utaitwa kumtetea, na hapo lazima mmoja umpoteze. Ukienda, urafiki na Ajuuraan umevunjika. Usipokwenda, mkataba na Malindi umekufa, na heshima yako imeshuka mbele ya wote. Usijifunge kwa kamba mbili zinazovuta pande tofauti. Ajuuraan mpelekee mjumbe wa kukuza uhusiano, mpe zawadi hazina ikiruhusu, mkae vizuri bila mkataba.

Malindi yeye yuko upande wa pili wa Mombasa. Mombasa akikugeukia, anampa Malindi mgongo. Akimgeukia Malindi, mgongo uko kwako. Wote wawili mnamwogopa mtu mmoja, na hakuna kati yenu anayetamani cha mwenzake. Hatari ipo, sitakuficha: mshirika mdogo huchokozwa, na wewe utaitwa kwenye vita usivyovipenda. Nenda. Hisani za gemu hii zinakwenda kama michango ya harusi hapa mjini. Umechanga kwa wenzako, umeonekana ukumbini, siku yako wanakuja. Zikifika hisani kumi unaweza kumwita Malindi kwenye vita yako mwenyewe bila kumwahidi ardhi. Na ukimwahidi ardhi, mpe. Nimekuona kwenye ile kampeni ya Mutapa ukiahidi watu na kufunga amani bila kuwakumbuka, kisha ukashangaa imani yao imekwenda wapi.

Nafasi zako za mahusiano ni nne, na ukizizidisha unalipia kila mwezi kwa nguvu za kidiplomasia. Moja ni ya Malindi. Ya pili nakushauri umwekee Gujarat wa India, hata kama leo atakukataa kwa sababu ya umbali. Endelea kujaribu kadiri unavyokua. Yeye ana bandari, anaishi kwa bahari ileile, na ardhi ya kwako haimsaidii kitu. Katika historia, Gujarat na Wamamluki wa Misri ndio walioungana kupigana na Mreno majini. Walishinda kule Chaul 1508, wakashindwa kule Diu Februari 1509, na aliyewashinda Diu ni Almeida yuleyule aliyeijengea ngome Kilwa. Nafikiri sana ingekuwaje kama pwani yetu ingekuwa upande huo kwa umoja, badala ya kila mji na mgeni wake. Basi huko kwenye kompyuta yako unayo nafasi ya kujaribu. Mamluki nisingemtegemea, maana Mwothmani, yaani Mturuki, humla mapema. Kwa kweli alimla 1517, na kwenye gemu mara nyingi ni vivyo hivyo.

Nafasi mbili zilizobaki ziache wazi hadi uone nani amekuja pwani na anatamani nini.

Mambo mengine kwa haraka. Unda manowari zako, hata tano, hata kama hazina inalia. Meli za kubebea askari zitoshe jeshi lote, kila meli hubeba kikosi kimoja cha watu elfu moja, usije ukavusha nusu. Na vita ya Mombasa ukiishinda usimmeze wote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu jirani wote watakuona mbabe na watakuundia umoja wa kukupinga. Chukua bandari, chukua fedha, subiri suluhu iishe.

Kuhusu suluhu, hapa ndipo pa kuwa makini. Malindi alipigana na Mombasa kabla yako na suluhu yao inaisha Machi 1473. Ukianza vita kabla ya hapo, Malindi hatakuja, na utadhani nimekudanganya. Una miaka mitano. Mtume mjumbe wako akae Malindi muda wote huo, kusanya hisani, unda meli, na usijibu uchokozi wowote wa Mombasa hata akikutukana mara tatu.

Flashi naituma Jumatano kwa mdogo wako. Nimeongeza faili la pili nililolipa jina la 1473, nimekusogezea kalenda hadi pale kwa njia niliyokueleza, ili ulinganishe na la kwako. La kwanza sijaligusa. Cheza lako kwanza. Kama ukifika 1473 ukiwa umemshika Ajuuraan, niandikie sababu zako zote, nami nitazisoma, na Idd ukija tutaziweka kompyuta mbili pale barazani kwenu tuone.

Ni mimi,
swahiba wako wa Magomeni