Msimamo wa daraja la pili Korea Kusini unapangwa vibaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jedwali dogo mnalolitoa kwenye kurasa za michezo, lile la K League 2, yaani daraja la pili la Korea Kusini. Najua wapo watakaouliza nani huku kwetu anasoma msimamo wa ligi hiyo. Wanaobeti wanasoma. Korea iko mbele yetu kwa saa 6, hivyo mechi ya saa 8 mchana kule inaanza saa 2 asubuhi kwetu, Ulaya bado wamelala. Mikeka (tiketi za kubeti) mingi ya Jumamosi inaanzia huko, na wenye mikeka wanafungua gazeti lenu kwanza.

Tatizo ni kwamba timu zikilingana pointi mnazipanga kwa tofauti ya mabao, kama mnavyofanya kwa ligi ya Uingereza. Korea hawafanyi hivyo. Tangu 2016 wanaangalia kwanza mabao ya kufunga, tofauti inafuata baadaye. Timu iliyoshinda 4-3 na 3-2 ina mabao 7, tofauti 2. Iliyoshinda 2-0 na 1-0 ina mabao 3, tofauti 3. Ninyi mtaiweka hii ya pili juu, Korea wataiweka chini. Mwishoni mwa msimu kosa hilo linaweza kugusa nafasi moja au mbili, lakini sasa hivi, raundi chache tu zimechezwa na timu zimebanana kwa pointi, linavuruga nusu ya jedwali.

Na si jambo la karatasi tu. Suwon Samsung Bluewings, mabingwa wa Korea mara 4 na wa Asia mwaka 2001 na 2002, walishuka daraja 2023. Mwaka uliofuata walimaliza mechi zao 36 wakiwa na pointi 56, na raundi ya mwisho hawakuwa na mechi kwa kuwa ligi ilikuwa na timu 13. Wakabaki kusubiri ya wenzao. Busan IPark wakashinda, wakafikisha 56, wakawapita kwa wingi wa mabao na kuchukua nafasi ya 5, ya mwisho ya kuingia mchujo wa kupanda. Suwon wakabaki wa 6. (Aprili ya msimu huohuo walikuwa kileleni! Mwezi Mei wakapoteza mechi 5 mfululizo, kocha Yeom Ki-hun akaachia ngazi.)

Hiyo ya kukaa bila mechi inarudi msimu huu wa 2026. Baada ya Yongin, Paju na Gimhae kuingia, timu ni 17, kwa hiyo kila raundi timu moja inapumzika. Jedwali lenu halina safu ya mechi zilizochezwa. Msomaji anaiona timu iko chini anadhani imeanza vibaya, kumbe zamu yake ya kupumzika imewahi. Wala si kiporo, yaani mechi iliyoahirishwa. Wengine nao zamu itawafikia.

Kuna majina pia. Mnaandika "Suwon" peke yake, ilhali Suwon FC nao wameshuka, na sasa timu zote mbili za mji huo ziko daraja moja. Ipi imefungwa? Ansan na Asan nazo ni timu mbili tofauti, miji miwili tofauti, si kosa la uchapaji. Juzi mmeiacha moja nje kabisa, nadhani mhariri wa zamu alidhani imejirudia.

Ninachoomba ni safu mbili tu, ya mechi zilizochezwa na ya mabao ya kufunga, na majina kamili ya timu hizo nne. Nafasi ikiwa finyu, ondoeni safu ya sare, hiyo tutaipiga hesabu wenyewe.

Msomaji wenu,
Mwanza