Risala ya Klabu ya Bahari na Akina Mama Wavuvi wa Pweza, Siku ya Kufungua Mwamba

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi wa shughuli yetu;
Maofisa mliotoka Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi;
Mheshimiwa Sheha wa Shehia yetu;
Mwalimu Mkuu, walimu na wanafunzi wenzetu;
Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Wavuvi, pamoja na Bwana Diko, msimamizi wa diko letu;
Mama zetu, baba zetu na wageni wote mliofika;

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii tukiwa wazima. Nawe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wa skuli ya kijijini, na kwa kuteremka mpaka mwambani asubuhi badala ya kutungoja chini ya turubai. Viatu vyako tumevianika, vitakauka kabla hujaondoka.

Umejionea mwenyewe maji yalivyokupwa, Sheha akatoa ruhusa, na mwamba uliofungwa kwa miezi mitatu ukafunguliwa. Umeona pia pale diko, wanaposhushia wavuvi, mizani ilivyokuwa haipumziki. Risala hii tumeiandika sisi wanafunzi wa klabu ya bahari kwa kushauriana na akina mama wa kikundi cha wavuvi wa pweza. Ukikuta ndani yake neno kali, basi hilo ni la mama zetu. Sisi tumetumwa kulisoma tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Turuhusu tuanze na pweza mwenyewe, kwa sababu watu wengi wanamjua akiwa ndani ya sahani. Pweza tunayemvua katika miamba yetu, ambaye wataalamu humwita Octopus cyanea, ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya buluu kwa ajili ya madini ya shaba yaliyomo. Maisha yake ni mafupi mno: mwaka mmoja, akizidisha sana mwaka na nusu. Jike hutaga mara moja tu. Huingia pangoni akaning'iniza mayai kwa maelfu na maelfu, akayalinda, akayasafisha na kuyapulizia maji, huku mwenyewe hali chochote. Yakishaanguliwa, naye hufa. Bibi zetu walikuwa wakimtambua pweza wa namna hiyo kwa kukonda kwake na kwa nyama yake isiyo na ladha. Sababu yenyewe tumeipata darasani, tukawapelekea wao nyumbani.

Kwa kuwa umri wake ni mfupi, hukua mbio. Pweza mdogo akiachwa atulie huweza kuongeza uzito wake maradufu kwa muda wa mwezi au miwili. Ndiyo maana kufunga mwamba kwa miezi michache kunalipa kwa pweza kuliko kwa samaki kama chewa, anayehitaji miaka kukomaa. Na ndiyo maana pia hatukukubaliana na waliopendekeza tufunge mwaka mzima. Pweza uliyemhurumia mwaka mzima hatakusubiri, atakuwa ameshakufa kwa uzee wake.

Mpango huu hatukuubuni sisi. Ulianza kusini magharibi mwa Madagascar, katika kijiji cha Andavadoaka cha wavuvi wa kabila la Vezo, ambao mwaka 2004 walifunga sehemu moja ya mwamba wao kwa miezi kadhaa. Walipoifungua na kuona walichokivua, vijiji jirani navyo vikafunga. Baadaye mpango ulifika kwetu, Kisiwa Panza kule Pemba wakawa miongoni mwa waliotangulia, na wenzetu wa Pate huko Lamu nao wakaufuata. Sisi wa kusini Unguja, tulio ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Menai iliyotangazwa mwaka 1997, tulikuja nyuma, na tuliochelewa tuna faida ya kusoma daftari za waliotangulia.

Hapa, Mheshimiwa, tunaomba utuvumilie kidogo kwa hesabu. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliopima miamba ya Madagascar kwa kipindi cha miaka 8, ikifungwa na kufunguliwa mara 36. Ulionesha kwamba katika siku 30 baada ya kufungua, pweza waliofika nchi kavu kutoka sehemu zile waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, ukilinganisha na siku 30 kabla ya kufunga. Tarakimu hiyo ndiyo inayopenda kutajwa katika mikutano. Lakini utafiti huohuo una tarakimu ya pili: alichopata kila mvuvi kiliongezeka kwa karibu asilimia 90 tu. Mwalimu wetu wa hisabati aliziandika zote mbili ubaoni, akatuuliza hizo nyingine zimekwenda wapi. Tulifikiri kipindi kizima. Jawabu ni watu. Mwamba ukifunguliwa kila mtu huja, wenyeji na wasio wenyeji, na neema ya miezi mitatu hugawanywa kwa mikono mingi katika bamvua moja, yaani zile siku chache maji yanapokupwa sana.

Umeyaona hayo leo asubuhi. Mashua zilizotia nanga nje ya mwamba tangu jana usiku si zetu. Ni za wavuvi wa dago, wale wanaotoka mbali na kupiga kambi, ambao hawakukaa hata siku moja ya ulinzi. Waliokaa ulinzi ni hawa mama zetu waliosimama nyuma yetu, ambao kwa miezi mitatu walipishana na mwamba wao wakaenda kuchokoa mbali, na wengine wakarudi mikono mitupu.

Tuseme wazi jambo lingine ambalo wazee wanalijua. Zamani pweza alikuwa wa wanawake. Maji yakitoka, mama alichukua mchokoo wake na kapu, akatembea juu ya mwamba, akarudi na kitoweo. Bei ilipopanda, kwa ajili ya hoteli na ya viwanda vinavyopeleka pweza Ulaya, wanaume walivaa miwani wakazamia kwenye maji ya kina ambako wakubwa hukaa. Hatuwalaumu baba zetu, nao wana watoto wa kulisha, na watoto wenyewe ndio sisi. Tunalosema ni kwamba anayetembea kwa miguu ndiye anayefungiwa mlango wa kwanza mwamba ukifungwa, kwa hiyo ni haki awe wa kwanza kuulizwa ufungwe lini na ufunguliwe lini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Kazi ya klabu yetu ni kupima. Siku za bamvua tunakaa na Bwana Diko, tunapima uzito wa kila pweza na kuandika ni dume au jike. Dume hutambuliwa kwa mkono wa tatu wa upande wa kulia: ncha yake haina vinyonyeo, na una mfereji mdogo unaopita ubavuni. Mwanzoni mama zetu walicheka kuona wanafunzi wakihesabu mikono ya pweza. Sasa wao ndio wanaotusahihisha.

Daftari hilo limetufundisha jambo ambalo tungependa lifike Wizarani. Kule Bara, Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500, na sisi hapa kijijini tumejiwekea kiwango hichohicho cha nusu kilo. Ni mwanzo mzuri. Lakini utafiti mwingine wa Madagascar ulikuta kwamba nusu ya majike hukomaa wanapopindukia kilo mbili. Jike wa nusu kilo basi bado ni mtoto. Tunamwacha akiwa na gramu 400, tunamkamata akiwa na 600, na bado hajataga hata yai moja. Tunaomba wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari na wa taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi waje wapime pweza wa miamba ya Unguja, watuambie jike wa hapa hukomaa kwa uzito gani, maana bahari ya Madagascar na yetu si lazima zifanane.

Sambamba na pweza tunajifunza habari za wengine. Tumejifunza kwamba pono, kwa kuguguna mwamba na kula majani yanayoufunika, huyapa matumbawe machanga nafasi ya kuota, na kwamba sehemu kubwa ya mchanga mweupe ambao watalii hupanda ndege kuja kuulalia umepita tumboni mwake. (Wanafunzi wa darasa la tano wanalipenda somo hili kuliko yote.) Tumejifunza kwamba chewa huzaliwa jike na baadaye wakubwa hugeuka dume, hivyo ukimaliza wakubwa umemaliza waume. Hifadhi ya kisiwa cha Chumbe imekuwa ikiwapokea wanafunzi wa Zanzibar kwa miaka mingi, wakavaa miwani na kuyaona matumbawe kwa macho yao. Mtoto aliyeyaona matumbawe yakiwa hai hatayavunja kwa nondo kumtoa pweza pangoni. Yalipauka mwaka 1998 bahari ilipopata joto, yakapauka tena 2016. Joto hilo hatuna mamlaka nalo, lakini nondo tunayo mikononi.

Sasa tuje jikoni, na harufu inayotoka nyuma ya darasa la pili mnaisikia wenyewe.

Watu wameuliza kwa nini siku ya uhifadhi tumeweka mashindano ya mapishi. Tumeyaweka kwa sababu pweza wadogo hawavuliwi kwa bahati mbaya, wanaagizwa. Mpishi asiyejua kumlainisha pweza mkubwa hutaka mdogo, mchuuzi humtafutia, na mvuvi humtia mkuki. Pweza wa kilo tatu akiingia jikoni mwa mtu asiyejua, hutoka kama raba ya kandambili, na siku ya pili mtu huyo atasema nileteeni wale wadogo. Kwa hiyo anayetaka kumwokoa pweza mchanga na aanze kwa kumfundisha mpishi.

Mama zetu wana njia zao. Wapo wanaompiga juu ya jiwe mpaka mikono ichoke. Wapo wanaotia kipande cha papai bichi sufuriani, na mwalimu wa sayansi ametueleza kwamba papai lina kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama. Njia nyepesi kuliko zote ni friza: pweza akiganda na kuyeyuka, barafu imeshafanya kazi ya jiwe. Kisha anawekwa sufuriani bila maji, moto mdogo, maji yake mwenyewe mekundu yatoke, asitiwe chumvi mpaka alainike. Hapo ndipo huja kitunguu thomu, tangawizi, bizari na ndimu, na tui zito hutiwa mwisho lisije likakatika. Yale maji mekundu hayamwagwi. Ndiyo supu, na baba zetu wanajua wanayoyasema juu yake, hatutaendelea mbele ya walimu.

Masharti ya mashindano ni mawili. Sufuria ya kwanza ya kila kikundi iwe na pweza aliyepita mizani, na awe mkubwa. Sufuria ya pili ya kila kikundi ni ya dagaa au vibua, samaki wanaozaliana upesi na ambao hoteli huwaona wa kimaskini. Tumewaalika wapishi wa hoteli jirani wawe majaji pamoja nawe. Wakila vibua vya kupaka vya leo wakanyamaza, tutajua la kufikiri juu yao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Mafanikio hayakosi kasoro. Kubwa ni bei. Siku ya kufungua mwamba, pweza huwa wengi kuliko wanunuzi, na barafu hakuna. Mchuuzi analijua hilo, husubiri jua lipande, na kadiri linavyopanda bei inashuka. Mama aliyevumilia miezi mitatu huuza pweza mkubwa kwa bei ya kumtupa, kwa kuwa jioni ataoza. Ukiona watu wamechoka na kufunga mwamba, usidhani wamechoka na uhifadhi. Wamechoka kuhifadhi kwa niaba ya mchuuzi.

Kwa hiyo tunaleta maombi yetu. La kwanza na ambalo tusingependa lipotee njiani ni friza kubwa pale diko, inayotumia umeme wa jua, na isimamiwe na kikundi cha akina mama chenyewe. Itawawezesha kuuza kidogo kidogo, na kama tulivyosema, itawalainishia wapishi pweza mkubwa. La pili, tunaomba sheria ndogo itakayowapa walioshiriki ulinzi siku mbili za mwanzo baada ya kufungua, kabla ya wageni. Kamati inayo rasimu yake, inasubiri baraka zako. La tatu, viti vya wanawake katika Kamati ya Wavuvi viongezwe, na vikao visipangwe saa za maji kupwa, kwa sababu saa hizo mama zetu wako mwambani, na wanaopanga wanalijua hilo. Kwa upande wetu wanafunzi tunaomba mizani ya pili na miwani ya kuzamia. Iliyopo tunavaa kwa zamu, na wengine vichwa vyetu ni vikubwa.

Tunakukabidhi, Mheshimiwa, nakala ya daftari letu la vipimo. Hatukuzisoma takwimu zake hapa kwa sababu ni ndefu, na tungependa uzipitie ukiwa umetulia, pamoja na maofisa wako. Palipofutwa kwa kalamu nyekundu ni pale mama zetu walipotusahihisha dume na jike.

Baada ya risala hii utaombwa uonje sufuria sita na kutaja mshindi. Vikundi vyote vimeahidi kukubali hukumu yako, isipokuwa kimoja, ambacho kimesema kitangoja kwanza kusikia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wanafunzi wa Klabu ya Bahari na akina mama wavuvi wa pweza.